Sahani Usiyoitaja

6 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na yule jogoo wako mkorofi bado hajaingia chunguni. Sisi huku hatujambo. Baba alitolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita na sasa anaona vizuri mpaka tunajuta. Kila asubuhi anapita chumba hadi chumba akituonyesha vumbi ambalo zamani lilikuwa siri yetu. Mama anakusalimu, anasema ukipata dagaa wakavu wazuri umkumbuke.

Ningekupigia simu, lakini simu yako kama kawaida haipatikani, kwa hiyo barua nampa dereva wa gari la barafu. Ameniapia kwamba safari hii hataisahau chini ya kiti.

Sasa sikia jambo lenyewe. Unajua ofisi yetu inapeleka watu matembezi. Siku hizi wateja wamechoka na hoteli kubwa zenye kelele, wanataka mahali patulivu kando ya bahari, waone mikoko na ndege, wale alichovua mwenyeji asubuhi hiyo. Meneja akauliza kikaoni nani anajua mahali kama hapo. Shangazi, mdomo wangu unaujua. Niliinua mkono hata hajamaliza. Nikawaelezea nyumba yako, baraza, ule mkondo wa maji katikati ya mikoko, na nikamalizia na pweza wako wa kuchoma. Nikasema mtu akimla anasahau alikotoka. Wote wakameza mate.

Basi meneja anataka kuja katikati ya Februari, pamoja na wateja wetu wawili wa siku nyingi, mtu na mkewe. Wakipapenda, tutaanza kuleta watu, na mimi ndiye nitakayesimamia safari hizo. Miaka yote hii nimekaa dirishani nikikata tiketi, Shangazi. Ni mara ya kwanza meneja kunitazama kama mtu.

Naomba ukubali. Mimi ndimi mwanao yule yule,

Chiriku

*

23 Januari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na ina alama ya kiatu. Dereva anasema haikuwa chini ya kiti, ilikuwa chini ya mguu.

Magoti yangu ni mabaya wakati wa kushuka na mazuri wakati wa kupanda, kwa hiyo nikishafika ufukweni najuta na nikirudi nafurahi. Jogoo yupo. Simu iko kabatini, haisumbui mtu. Mwambie kaka yangu kwamba macho alipewa aone mbali, si aone uvunguni.

Kuhusu wageni, karibuni. Nyumba ni yako, ulijifunza kutembea humu ukishikilia mguu wa meza hii ninayoandikia. Nitapaka chokaa vyumba vya nyuma na kubadilisha mlango wa choo, ambao sasa unafungwa kwa kuimba. Nimeshazungumza na mvuvi mmoja mwenye mtumbwi mzuri, atawapeleka kwenye mikoko kutazama ndege.

Ila pweza hakuna. Hujui, maana uliondoka kabla hatujaanza. Mwamba wa upande wa mikoko tumeufunga. Sisi wanawake tunaookota pale tulikubaliana kila mwaka tuuache ili pweza watage na watoto wao wakue, na tuufungue mvua zikikatika. Nje ya nguzo tulizosimamisha, msimu huu hupati hata wa kumwonyesha mtoto. Lakini siku ya kufungua, mwanangu, kila mtu anarudi na ndoo nzito. Mwenyekiti wa shughuli hiyo ni shangazi yako, na silali kazini.

Mwaka jana tulimkamata jirani yangu wa nyuma, Mama Pacha, yule mjane mwenye watoto mapacha. Alikuwa na pweza mmoja ndani ya ndoo, amemfunika na majani. Alilia, akasema watoto hawajala tangu jana. Nikamwambia mwamba haujui njaa ya mtu. Tulimchukua yule pweza tukamtupa baharini mbele ya macho yake, amekwisha kufa, ili liwe fundisho, na yeye tukamzuia kuokota msimu mzima. Akikamatwa mara ya pili hatakanyaga mwamba tena maisha yake. Watu walisema nina roho ya jiwe. Lakini mwaka huu hujasikia mtu kagusa.

Kwa hiyo chagua. Mje Februari mle samaki, kaa na supu ya chaza, au msubiri mvua zikatike mle pweza. Vyote ni vyakula.

Shangazi yako

*

5 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Baba amegundua kwamba mlango wa jirani una rangi mbili, na ameshakwenda kumwambia.

Meneja hawezi kusogeza tarehe, wateja wameshapanga. Usijali kuhusu pweza. Nitamweleza taratibu, ni mtu mwelewa. Samaki na kaa wanatosha kabisa.

Tutafika Ijumaa ya katikati ya mwezi. Nina wasiwasi na furaha kwa pamoja, hata usingizi sipati vizuri. Tafadhali yule jogoo umfunge.

Mwanao,
Chiriku

*

27 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na asante ambayo haitoshi hata nikiijaza karatasi nzima.

Tulirudi salama. Mke wa mteja alilala njia nzima akiwa amekumbatia ule mfuko wa chumvi uliompa. Mume wake hana hadithi nyingine ila ya yule ndege mrefu wa kijivu aliyesimama kwenye matope bila kutikisika. Akipita ofisini kwetu anawasimulia hata wasiomjua ndege. Meneja naye anasema hajawahi kulala mahali ambapo anasikia maji yakipwa.

Na chakula je? Mpaka leo wanakitaja. Wale samaki wa kuchoma wenye ndimu, kaa tuliowavunja kwa mawe pale barazani, supu ya chaza asubuhi, ile mihogo ya kukaanga, hata chai yako ya tangawizi imepata sifa zake. Meneja alisema wazi mbele ya wote kwamba mimi ndiye nitakayesimamia safari za huko. Nimehamishwa kutoka dirishani. Nina meza, Shangazi, na kiti kinachozunguka.

Kundi la kwanza tunalitarajia Julai. Watakulipa vizuri, nitahakikisha mimi mwenyewe.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Pumzika sasa, najua ulichoka kwa ajili yangu.

Mwanao,
Chiriku

*

18 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi mmefika salama, na hongera kwa kiti. Usikizungushe sana mbele ya wenzako, macho ya watu yana sumu.

Mvua zimeanza. Paa la jikoni linavuja mahali pale pale, nami naweka sufuria ile ile. Jogoo ameugua mafua. Mvuvi aliyewapeleka kwenye mikoko anauliza wale wageni watarudi lini, maana amenunua kofia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umesifu samaki, umesifu kaa, umesifu supu na mihogo na chai. Umetaja kila sahani iliyofika mezani ila moja. Nami sikuulizi kwa nini, maana najua.

Nakupa habari za hapa. Wiki iliyopita wanawake walikwenda kukagua mwamba, kama tunavyofanya kila mwezi maji yakipwa sana. Mimi sikwenda, nilisema magoti. Wakakuta pango moja kubwa karibu na nguzo, mawe yamepanguliwa. Pweza akitaga hujifungia mle ndani, hupanga mawe mlangoni na kukaa na mayai yake, hatoki hata kula. Ndani hakuwemo. Mayai yalikuwa bado yamening'inia juu, yameoza, na samaki wadogo wameshayafanyia karamu. Binti mmoja alirudi akilia. Huyo ni mtu mzima mwenye watoto, usidhani ni wa kulialia.

Sasa kijiji kizima kinaulizana nani. Na unajua jina gani limekuja midomoni kabla hata ya kufikiri. Mtu mmoja anasema alimwona Mama Pacha ufukweni siku ya soko, mwezi wa pili, wakati wengine wote hawakuwapo. Mwenyewe anasema alikuwa akiokota kuni. Nani atamwamini? Aliyewahi kuiba hata akiokota kuni anaonekana anaiba.

Kikao kitakuwa kabla ya kufungua mwamba. Atakayekiongoza ni mwenyekiti.

Wasalimie wote.

Shangazi yako

*

9 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi. Baba ana kikohozi kidogo, si cha kutisha. Mama amepata wale dagaa na anasema ni safi, hawana mchanga.

Nimesikitika kusikia habari za mwamba. Lakini nimefikiri, Shangazi, hivi mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, si huwala pweza? Nakumbuka nikiwa mdogo ulinionyesha mkunga akitoa kichwa kwenye tundu, ukaniambia huyo ndiye adui wa pweza. Labda ni mkunga aliyemla. Mtu mwenye heshima kama wewe akilisema hilo kikaoni, watu watakubali, na Mama Pacha naye atasalimika. Kila mtu ataondoka na amani.

Mambo kama haya hupoa yenyewe yakiachwa.

Tumeanza kuandaa karatasi za kutangaza safari. Nimetoa baadhi ya picha. Zimebaki zile za ndege na mikoko.

Pole na paa. Nitakutumia bati.

Mwanao,
Chiriku

*

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mpe kaka yangu asali na maji ya moto, asijifanye mzee.

Mkunga hana mikono. Hapangui mawe na kuyaweka pembeni kwa mpangilio, kubwa chini, dogo juu. Hivyo hupanga mtu aliyezoea, mtu ambaye mikono yake inafanya hata akiwa hataki. Wenzangu wanajua hilo kama ninavyolijua. Usinitumie uongo kwa gari la barafu, hata barafu yenyewe hufika imepungua.

Jumamosi Mama Pacha alikuja kwangu. Alipiga hodi mlango wa nyuma, kama mtu anayekuja kuomba chumvi. Hajaingia nyumbani kwangu tangu mwaka jana. Akakaa kwenye kile kigoda ulichokalia wewe. Akasema, "Dada, mimi nawe hatupendani, najua. Lakini wewe huonei mtu. Mwaka jana nilikosa, na ukanihukumu kwa kosa langu. Mwaka huu sikukosa. Wewe ukisema hivyo, wataamini."

Nilimpa chai. Nikaongeza sukari bila kuulizwa. Yeye anazungumza, mimi nakoroga, sukari imeshayeyuka zamani na bado nakoroga. Nikamwambia nitaangalia. Akanishukuru, Chiriku. Akainuka akanishika mkono huu huu akanishukuru.

Tangu siku hiyo nikienda kisimani napita njia ya juu, ndefu, ili nisipite mlangoni pake. Watoto wake wakinisalimia naitikia nikiangalia chini kama niliyedondosha sindano. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeusema msemo huu maisha yangu yote nikiwasema wengine, leo ndio nimejua unachoma wapi.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia, na huko kuna mmoja.

Bati usitume.

Shangazi yako

*

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya mwezi mzima. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Baba amepona kikohozi. Leo sitakuandikia habari nyingine za nyumbani, maana najua nitazitumia kujificha.

Nakumbuka jikoni. Ilikuwa jioni ile ya kwanza, meneja ameshauliza pweza mara ya tatu. Mimi sikuwa nimemweleza kitu, Shangazi. Nilikudanganya kwamba nitamweleza. Nilipomwambia pale mezani kwamba mwamba umefungwa alicheka, akasema, "Mwenyekiti si ndiye shangazi yako mwenyewe?" Na mimi nikacheka. Nikasema, "Ngojeni, nitahakikisha." Nikaja jikoni. Ulikuwa ukisafisha samaki, umenipa mgongo. Nikasema, "Mmoja tu, Shangazi. Nani atajua?" Hukugeuka. Nikangoja, nikarudi barazani.

Sikusema zaidi ya hapo. Nimejishikilia hilo miezi yote hii, kwamba sikusema zaidi ya hapo. Ni upuuzi, maana wewe hujawahi kuninyima kitu nilichokuomba mara moja, na nilikuwa najua.

Sasa nakuomba jambo jingine, na naona aibu kabla sijaliandika. Kundi la kwanza linakuja Julai. Watu wameshalipia. Yakisemwa haya kikaoni, wanakijiji watakataa wageni, na watakuwa na haki. Nitarudi dirishani, na safari hii nitarudi nikichekwa. Je, kikao hakiwezi kuahirishwa mpaka kundi hilo lije na kuondoka? Mama Pacha hataadhibiwa kabla ya kikao. Ni kusubiri kidogo tu. Baadaye nitakuja mwenyewe tuseme wote wawili.

Najua linavyosikika. Bado naliomba.

Chiriku

*

12 Juni

Chiriku,

Marahaba.

Gari la barafu liliharibika gia, likakaa barabarani. Barua yako imenifikia Jumatano. Kikao kilikuwa Jumapili. Kwa hiyo hukunikataza, na mimi sikukukatalia, Mungu ametusitiri kwa gia. Nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena, na sitakuambia nilivyojisikia, kwa sababu nawe ni mtoto niliyemlea, na mtoto akiharibika mikononi mwangu siwezi kumlaumu jirani.

Nakueleza kikao. Tulikaa kwenye banda la kupimia samaki, mizani imefungwa juu isitupige vichwani, sakafu bado ina maji. Mama Pacha alikaa mbele peke yake. Wanawake walikuwa wameacha nafasi kati yake na wao, kama wanavyomwachia nafasi mtu mwenye upele. Mapacha walikuwa wamesimama mlangoni.

Nilisimama kufungua kikao. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, kwamba sisi sote ni binadamu na kadhalika. Yakanipotea yote. Nikasema, "Pweza nilimchukua mimi." Halafu nikakaa.

Mmoja alicheka kidogo akidhani ni mzaha, maana mimi ni mtu wa mizaha, kisha akaona uso wangu akaacha. Ikabidi niseme tena, na safari hii nieleze. Nilisema ilikuwa siku ya soko, wageni wangu wamekwenda kuangalia ndege. Nilisema nililijua lile pango, kwa sababu nimekuwa nikilichunga tangu mwezi wa kumi na mbili. Nilisema pweza mwenye mayai hakimbii. Ukiingiza fimbo anaishika kwa mikono yake yote kuisukuma nje, hajitetei mwenyewe, anatetea mlango. Niliyajua hayo, na ndiyo maana nilikwenda kwake na si pango jingine. Mwenye mayai ni rahisi, na magoti yangu ni mabaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kulisema, lakini nililisema.

Wakaniuliza kwa nini. Nikasema wageni walimtaka. Sikusema mgeni gani. Wewe sikukutaja na sitakutaja, usinishukuru. Sababu yenyewe sikuweza kuwaambia, nakuambia wewe. Jioni ile nilikusikia ukimchekea meneja wako. Nimekulea toka huna meno na kicheko kile sikukijua. Kilikuwa kicheko cha mtu asiye na kwao. Nikasema moyoni, kesho watajua huyu ana kwao, na kwao hakushindwi kitu. Nikajipalia makaa kama pweza mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Wewe ulikula na meneja.

Wamenivua uenyekiti, na mimi ndiye niliyewakumbusha adhabu yenyewe kwa sababu walikuwa wanaona haya kuitamka. Msimu mzima sitakanyaga mwamba. Fimbo yangu imewekwa pale bandani, nyuma ya mizani. Ni haki, na inauma.

Siku ya kufungua nilikaa barazani. Maji yalikupwa mbali sana, nikawaona wanawake wamejaa kule mwambani na ndoo zao za rangi rangi, nikasikia wakiitana. Sijawahi kuiona siku hiyo kutoka nyumbani. Walirudi na pweza wengi. Waliopita mbele ya baraza langu walinisalimia vizuri, na kila mmoja aliihamisha ndoo mkono wa pili, upande ambao siuoni. Walifanya hivyo kwa huruma. Nilitamani wanitukane.

Mama Pacha alipita wa mwisho. Yeye ndoo hakuificha. Akasimama. Nikamwambia nisamehe, ndugu yangu, nilikunywesha chai na ukweli ninao mdomoni. Akaiweka ndoo chini, akaniuliza, "Alikuwa mtamu?"

Nilifikiri ananisimanga. Nikamtazama usoni, hakuwa akisimanga. Akasema, "Wangu mlimtupa. Watoto walisimama ufukweni wakimwangalia anavyoelea mpaka akapotea. Wakaniuliza, mama, angekuwa mtamu? Sikuwa na jibu. Wako ameliwa. Ndiyo nauliza."

Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi sikumla, nilimpika tu, hata chumvi sikuionja. Nikasema waliomla wapo mjini. Akasema, "Basi waulize." Akaenda zake.

Anapita hapa kila siku kwenda kisimani, na kila siku anaangalia barazani kama nina jibu. Anwani za wengine waliomla sina. Nakuuliza wewe.

Shangazi yako

*

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, Mama hajambo.

Alikuwa mtamu.

Nimejaribu kuandika kwamba simkumbuki, au kwamba alinikwama kooni. Ingekuwa nafuu kwetu sote, lakini si kweli. Alikuwa laini, ulikuwa umempaka ndimu na pilipili, na kingo zake zimeungua kidogo kama ninavyopenda. Ulinikumbuka hata katika hilo. Nilikula vipande vyangu. Mke wa mteja alipoacha vyake kwa kushiba, nikavuta sahani nikala na vyake. Na nilijua, Shangazi. Nilijua kabla hujaiweka ile sahani mezani, kwa sababu gauni lako lilikuwa limelowa mpaka magotini na hukututazama hata mmoja wetu. Meneja akasema, "Si nilikwambia?" Nami nikasema, "Shangazi yangu hashindwi na kitu." Wote wakacheka, na wewe ukarudi jikoni.

Nimemweleza meneja yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama huko kuna mwanamke mwingine anayejua kupika. Nikacheka. Kile kicheko ulichokisema kilinitoka chenyewe, kwa mazoea, nikakisikia kwa masikio yako. Nilishindwa kukimaliza. Nimemwambia kundi la Julai sitalileta mpaka wenyeji wenyewe waulizwe kama wanalitaka, na nimerudishiwa funguo za dirisha la tiketi. Wenzangu hawajanicheka bado, wanangoja nitoke.

Dereva wa gari la barafu amekubali kunichukua Alhamisi. Usipake chokaa, usinitafutie samaki. Nitakunywa chai.

Mama Pacha akipita kwenda kisimani, mwambie jibu lipo, linakuja. Usimpe wewe, Shangazi. Wewe hukuonja. Inafaa yeye na watoto wake walisikie kwenye mdomo uliokula.

Mwanao,
Chiriku